Kucha za Alhamisi Takatifu

Mumosho, Jumapili tarehe 26 Februari 2023

Joviale mwanangu,

Tumsifu Yezu Kristu. Mimi papa yako ni mzima wa kichwa na wa tumbo. Mbuzi amezaa wawili, maharagwe ya nyuma ya nyumba yameota vizuri ingawa mvua haipumziki. Natumaini huko Kasha wewe na mkwe wangu Jean-Baptiste mna amani, na kazi ya hospitali haijakukausha. Tangu Noeli sijaona uso wako. Sikulaumu, nasema tu.

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya nyumba hii unaijua: haisikiki mpaka uweke sauti kubwa, na ukiweka sauti kubwa majirani wote wanajibu pamoja nawe. Jambo langu si la majirani. Bahati nzuri Jean-Baptiste anapita huku kila wiki na moto yake, ile pikipiki ya kazi, kugawa mbegu kwa wakulima. Yeye ndiye atakuwa posta yetu.

Sikia basi. Watu wa shirika letu la sala wamenichagua. Alhamisi Takatifu ya mwaka huu, kati ya wale kumi na wawili ambao Padri Théodore atawaosha miguu mbele ya altare, mmoja ni mimi, mwalimu Apollinaire. Walipotaja jina langu nilidhani wanamwita mtu mwingine. Miaka sita iliyopita wasingenipa hata beseni nibebe, na wewe unajua kwa nini. Nilitoka nje nikalia kidogo, kisha nikarudi nikajifanya nimeenda kukohoa.

Nilipofika nyumbani nikavua bote, nikaangalia miguu yangu vizuri. Mwanangu, ni aibu. Kidole gumba cha kulia, ukucha umekuwa wa njano na mnene kama pembe ya yule mbuzi wetu mzee, na ukiukwaruza unamomonyoka unga. Katika kucha kumi, nane ziko hivyo. Katikati ya vidole ngozi inabanduka na kuwasha mpaka nakosa adabu. Ni miaka thelathini ya viatu vya mwalimu, halafu bote za mpira ndani ya bonde. Sasa Padri atapiga magoti, atamwaga maji, atapangusa na taulo jeupe, halafu atabusu. Mbele ya parokia nzima!

Muuza dawa wa sokoni ananiambia kuna vidonge vya kumeza vinavyomaliza mambo hayo. Mimi nina binti anayefanya kazi kwa daktari wa ngozi, niende sokoni kutafuta nini? Nitumie vile vya kumaliza kabla ya tarehe sita Aprili. Na usimwambie mtu.

Papa yako

*

Kasha, Ijumaa tarehe 3 Machi 2023

Papa wangu,

Milele amina. Tumepata barua yako tukiwa wazima wote wawili. Jean-Baptiste ana mafua lakini anakula kama mtu asiye na mafua. Nimefurahi kwa ajili ya mbuzi. Mgongo wako haukusumbui na baridi hii? Hukuniambia, na ukinyamaza juu ya mgongo najua kuna kitu.

Papa, nimecheka, halafu nimelia. Mama angekuwepo angeshona suruali mpya siku hiyohiyo. Nimeona fahari sana. Lakini sasa nisikilize, maana hapa naongea kama muuguzi na si kama mtoto.

Kwanza, usiguse dawa ya sokoni. Kuna vidonge vya zamani vya kuvu wanavyouza pale ambavyo Dokta Hervé hataki hata kuviona, kwa sababu vinapiga ini vibaya. Hata vile vizuri tunavyotumia sisi, njia yao ni ini, na ndiyo maana hatuvitoi kama pipi. Pili, si kila ukucha mbaya una kuvu. Mwingine umeumizwa na kiatu, mwingine ni ugonjwa tofauti kabisa, na mtu anameza miezi mitatu bure. Kata kipande cha ukucha na ule unga wa chini yake, tia ndani ya karatasi safi, nitumie tukipime. Tatu, nenda kwenye kituo cha afya, wakuchote damu wapime ini. Bila karatasi hiyo Dokta hatasaini, na mimi sitamwomba.

Na nikuambie ukweli mapema: ukucha wa mguu unakua polepole mno. Hata dawa ikiua kuvu yote, ukucha mpya utachukua mwaka kufika mbele, wakati mwingine zaidi. Tarehe sita Aprili utakuwa na kucha hizihizi. Padri atabusu mguu wa Apollinaire kama ulivyo, na hatakufa.

Kuna swali nalazimika kuuliza, usinikasirikie. Dokta atauliza kama unakunywa. Najua ulichokiapa siku tulipomzika mama, mkono wako juu ya sanduku. Najua tumbo lako lilivyovimba mwaka ule na namna mama alivyokuuguza hospitali wiki tatu akilala chini kwenye saruji. Nakuamini. Lakini niandikie kwa mkono wako: kasiksi ya ndizi, kanyanga, hata bia moja ya harusi. Mtu mwenye ini lililoumia hapewi dawa hii.

Binti yako

*

Mumosho, Jumamosi tarehe 11 Machi 2023

Joviale mwanangu,

Salamu nyingi katika Kwaresima hii. Mgongo haujambo, tusiuzungumzie. Mafua ya mkwe wangu nimeyaona kwa macho: alipiga chafya juu ya bugali yangu akaomba samahani mara tano. Ni kijana mwenye heshima, ulichagua vizuri.

Ukucha uko ndani ya bahasha ndogo. Nimeukata kwa ile mikasi ya miti, mikasi mingine ilishindwa. Na karatasi ya labo hii hapa. Walinichota Jumatano. Yule dada wa labo alitafuta mshipa mpaka nikamuuliza kama anachimba muhogo. Sikuelewa tarakimu zote lakini alisema ni nzuri.

Kuhusu swali lako, nililisoma mara mbili. Mtoto kumuuliza baba yake jambo kama hilo, sijui. Lakini umesema ni Dokta, basi namjibu Dokta: tangu mazishi ya mama yako, hata tone. Wakinipa kwenye harusi nachukua Fanta, nao wanacheka, na mimi nawaacha wacheke. Andika hivyo kwenye dosye, faili lako la wagonjwa.

Habari ya mwaka mzima nimeisikia. Lakini nyinyi waganga mnapenda kuongeza ili mtu asiwasumbue. Tutaona.

Papa yako

*

Kasha, Alhamisi tarehe 16 Machi 2023

Papa mpenzi,

Habari za hapa ni nzuri, na leo ni nzuri zaidi. Wewe waendeleaje? Unafunga kwa kiasi au unafunga kwa kushindana na jirani yako Colette na wale mama wa kwaya?

Ukucha wako una kuvu kweli, tumeiona kwa darubini. Na karatasi ya damu, Papa! Dokta Hervé aliiangalia, akaangalia umri, akasema: "Joviale, huyu muzee wako iko na foie ya kijana. Asiyekunywa anaonekana." Ini la kijana! Nilisikia kichwa kinakuwa kikubwa. Aliniuliza kama nina hakika na ile habari ya zamani ya hospitali, kama imekwisha kabisa. Nikamjibu mbele ya wenzangu wote: "Dokta, papa yangu haisemaka uongo." Akasaini.

Jean-Baptiste anakuletea vidonge ishirini na nane. Weka miwani, soma polepole. Kidonge kimoja kwa siku, saa ileile, kimoja tu. Ukisahau cha leo, kesho usimeze viwili. Ukimeza vingi ukucha haukui haraka, ini ndilo linalolipa. Matibabu yote ni miezi mitatu, lakini sikupi vyote sasa: kabla havijakwisha hivi utachotwa damu tena, tuone ini linavyovumilia. Kama una dawa nyingine yoyote unayotumia, hata mizizi ya kuchemsha, niambie.

Acha dawa siku hiyohiyo na unitafute ukiona mojawapo ya haya: mkojo wa rangi ya chai nzito, macho ya njano, choo cheupe, kichefuchefu kisichoisha, uchovu usio na sababu, maumivu chini ya mbavu za kulia, mwili kuwasha au kutoka vipele. Usingoje Jumapili, usingoje mvua ikatike. Hata chakula kikipoteza ladha, niambie.

Usimgawie mtu. Najua Colette ana mabaka shingoni na wewe una huruma, lakini ananyonyesha. Yeye nimemtumia pomadi ndani ya mfuko huohuo. Bote zako zikauke juani, nyunyizia unga wa kuvu niliokuwekea humo, soksi zibadilishwe kila siku, na kucha uzikate fupi kwa kikata kucha na si kwa mikasi ya miti, tafadhali.

Nilitaka kuja naye nikuone ukimeza cha kwanza, lakini nina zamu.

Binti yako mwenye fahari

*

Mumosho, Jumatano tarehe 29 Machi 2023

Joviale,

Salamu. Hatujambo. Mvua imevunja kidaraja cha kwa Colette.

Vidonge vimebaki viwili. Vingine vililoa maji, nyumba inavuja, unaijua. Mpe Jean-Baptiste vingine wiki hii, maana zimebaki siku nane tu. Ukucha wa gumba naona kama umeanza kupauka pale chini, kwa hiyo dawa inafanya kazi, wewe ulikuwa unanitisha bure.

Chakula hakina ladha. Hata samaki sambaza wa kukaanga ni kama natafuna karatasi, lakini ni Kwaresima, si mbaya. Nachoka kidogo. Kufunga siku hizi si kama zamani.

Usije kabla ya Pasaka. Nataka uje siku yenyewe ya Pasaka, umevaa vizuri.

Papa yako

*

Kasha, Jumamosi tarehe 1 Aprili 2023

Papa,

Sina salamu ndefu leo, utanisamehe. Jean-Baptiste anaondoka na barua hii sasa hivi, nimemzuia mlangoni.

Nilikupa ishirini na nane. Ulianza tarehe kumi na saba, siku Jean-Baptiste alipokuletea. Mpaka siku uliyoandika ulipaswa kuwa umemeza kumi na tatu na kubaki na kumi na tano. Vidonge vile vimefungwa kimoja kimoja ndani ya plastiki, maji hayaviingii. Papa, unameza viwili viwili. Usinidanganye, nimezaliwa na wewe.

Acha kabisa. Leo. Hivyo viwili mpe Jean-Baptiste avirudishe. Sikutumii vingine, wala kimoja. Ladha ingeweza kupotea kwa dawa peke yake, lakini uchovu haunipendezi hata kidogo. Nijibu haya kwa mdomo kupitia kwake: mkojo ni rangi gani? Macho yako, mwambie Jean-Baptiste ayaangalie nje penye mwanga. Jumatatu panda moto yake mje wote wawili nikuchote damu mimi mwenyewe. Alhamisi utakuwa umesharudi, nakuahidi.

Una ini zuri, hiyo ndiyo inayonipa moyo. Lakini ini zuri nalo linaharibika.

Binti yako

*

Kasha, Jumatatu tarehe 24 Aprili 2023

Papa,

Natumaini safari ya kurudi Mumosho haikukuchosha na unakula vile nilivyokuandikia. Nimesikia unatembea mpaka barabarani. Namshukuru Mungu kwa hilo, na nalisema kwa moyo wote kabla sijasema mengine.

Kwa wiki mbili za hospitali nilikuosha, nikakulisha, nikabadilisha mashuka, na hukusikia neno kwangu ila "geuka" na "meza". Ulidhani ni uchovu. Nilikuwa naogopa nikifungua mdomo nitasema mbele ya wagonjwa wengine kitu ambacho mtoto hasemi. Kwa hiyo naandika, na safari hii barua anakuletea Colette. Utaelewa kwa nini.

Jumatatu ile nilikungoja toka asubuhi. Jean-Baptiste alirudi peke yake akasema: "Muzee iko sawa, anasema atakuja kisha ya Pasaka." Nikamuuliza macho. Akasema: "Iko muzuri." Nikamwamini kwa sababu ni mume wangu. Alhamisi ukaenda ukaketi kwenye kiti chako kati ya wale kumi na wawili. Padri Théodore ndiye aliyenisimulia. Watu wote walikuwa wanaangalia miguu. Yeye peke yake, akiwa amepiga magoti chini na beseni, aliinua kichwa akuangalie usoni, akaona macho yako ni ya njano kama kiini cha yai. Aliuosha mguu wako, akaubusu, akakuuliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, macho yako iko jaune tangu lini?" Ukamjibu: "Padri, tumalize kwanza misa." Ukaanguka wakati wa komunyo.

Sasa sikia yaliyotokea nyuma yako. Wiki ya pili Dokta Hervé aliniita na picha ya ekografia ya ini lako mkononi. Akasema: "Joviale, hii foie haikuharibika kwa wiki tatu. Iko na makovu ya miaka." Nikamwambia haiwezekani, karatasi ya Machi ipo, tarakimu ni za kijana. Nilibishana naye, Papa. Nilisema labda mashine yake imeharibika. Mimi, kumwambia Dokta Hervé hivyo! Nilitoka kwenda kuchukua ile karatasi nimpige nayo machoni. Jean-Baptiste alikuwa kwenye korido na sahani yako ya supu. Aliniona ninavyokwenda mbio, akaiweka sahani chini, akasema: "Usimupelekee ile karatasi. Ile damu ni yangu."

Karatasi ile sikuifuata tena. Mume wangu alikwenda kwenye kituo cha afya asubuhi, akampa yule dada wa labo, mgeni asiyewajua, karatasi yenye jina na umri wako, akanyoosha mkono wake. Kisha akaniletea majibu pamoja na barua yako, akala kwangu, akaniona nafurahia karatasi hiyo, akaniona naibusu, akanyamaza. Na wewe ukakaa chini ukaandika habari ya dada wa labo anayechimba muhogo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Uongo ungeweza kuwa mfupi. Wewe uliupamba ili nicheke, nami nilicheka.

Mmenizunguka wawili, wanaume wawili niliobaki nao duniani. Nilikuwa naandika onyo la kila aina, naweka mistari chini ya maneno, na aliyeyabeba mfukoni alijua kwamba hayana maana tena, kwa sababu ini nililokuwa nalihesabia ni lake. Ningepewa damu yako ya kweli usingepata kidonge hata kimoja. Ungekwenda Alhamisi na kucha zako mbaya na macho meupe.

Kazini wameniondoa kwa Dokta. Sasa nachemsha vyombo kwenye chumba cha nyuma. Hawakunifukuza, lakini wenzangu niliojivuna mbele yao wanapita wakiangalia ukuta. Sikulilii kwa ajili ya hilo. Nataka jibu moja tu. Uliapa mkono ukiwa juu ya sanduku la mama. Ulianza lini tena? Na kwa nini ilikuwa rahisi kwako kufa kuliko kuniambia?

Binti yako

*

Mumosho, Jumapili tarehe 30 Aprili 2023

Joviale mwanangu,

Nakusalimu, ingawa sijui kama salamu yangu bado inafaa. Macho yameanza kuwa meupe. Ladha imerudi kidogo, chumvi naisikia, sukari bado.

Umeuliza lini. Nilishika kiapo miaka miwili na miezi minne. Halafu tulikwenda kumsaidia jirani kulima bonde lake, na jioni akaleta kasiksi, tukakaa tumeizunguka, mrija ukafika kwangu. Ningeweza kuupitisha. Watu wote walikuwa wananiangalia kama nitaupitisha, na mimi nilichoka kuangaliwa. Siku iliyofuata nilikunywa nyumbani peke yangu, mlango umefungwa. Tangu hapo ni kila siku. Ile thermos nyekundu uliyonipa unakumbuka? Watu wanaponiona nayo barazani wanasema mwalimu anapenda chai ya binti yake. Hakuna chai ndani. Nimeandika hili kwa sababu umeuliza.

Jean-Baptiste usimhukumu sawa na mimi. Nilimwomba mara ya kwanza akakataa. Mara ya pili akakataa, akasema: "Papa, Joviale ataniua." Mara ya tatu nilimwambia neno baya, naliandika hapa ulione. Nilimwambia: "Mimi nilikupatia binti yangu, na wewe unaninyima kijiko kimoja ya damu?" Unajua mkwe hawezi kusimama mbele ya neno kama hilo. Nilijua hawezi, ndiyo maana nililichagua. Alitoka bila kumaliza chakula. Na ile Jumatatu, macho yangu aliyaona. Nilimshika mkono nikamwambia siku tatu tu, baada ya Alhamisi nitakuja mwenyewe. Alilia barabarani, Colette alimwona.

Umeuliza kwa nini. Nimelifikiria kitandani usiku baada ya usiku. Kifo sikukiona karibu, mtu hakioni karibu. Lakini uso wako niliuona wazi kabisa, ukisoma karatasi yenye damu yangu. Ule uso ulikuwa nao ulipokuwa na miaka kumi na tano, ukinivua viatu nimelala kwenye mlango. Nilisema sitauona tena hata iweje. Walipotaja jina langu kanisani nilitaka mara moja tu nikae mbele ya watu nikiwa safi, kuanzia chini. Vidonge viwili nilimeza kwa sababu hiyo, na siku ambazo nilikumbuka mama yako nilimeza pamoja na kasiksi.

Nimeambiwa nichotwe damu tena mwezi huu. Sitaki kituo cha afya. Wananiangalia, maana sasa wamejua. Je, utakuja?

Papa yako

*

Kasha, Jumanne tarehe 2 Mei 2023

Papa,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara moja. Kuisoma tena siwezi kwanza.

Jean-Baptiste analala chumba cha mbele. Amekwenda kwa Dokta Hervé mwenyewe akaeleza yote, bila mimi kumtuma. Dokta amesema atanirudisha, hakusema lini. Nyumbani tunasalimiana asubuhi. Zaidi ya hapo sijui niseme nini juu yake, na nakuomba usimtetee tena. Wewe si wakili wake.

Kuhusu dawa: hutameza tena dawa ya kuvu maishani mwako, yangu au ya mwingine yeyote. Liandike ndani ya kitabu chako cha afya kwa herufi kubwa, na kila muuguzi utakayekutana naye umwonyeshe kabla hajakupa hata kidonge cha kichwa. Kucha zitabaki hivyo. Zikate, zikaushe, paka pomadi nitakayokuletea katikati ya vidole, basi.

Nitakuja Jumamosi. Nitachota mimi mwenyewe, na jina nitaliandika kwenye chupa mbele yako. Si kwa sababu nimesamehe. Sijasamehe, na unapoangalia barabara usifikiri anakuja yule aliyeandika "mwenye fahari". Nakuja kwa sababu ini ni moja na papa ni mmoja.

Lakini kabla sijapanda moto nataka kitu kimoja kwa maandishi, kupitia Colette. Tangu utoke hospitali, mara ya mwisho ulipokunywa ni lini? Usiniandikie Fanta. Usiniandikie hadithi ya kuchekesha. Damu itaniambia yenyewe Jumamosi, na nikikuta tena umenidanganya, nitafunga mfuko wangu nitarudi Kasha na hutaniona barazani kwako tena.

Joviale

*

Mumosho, Ijumaa tarehe 5 Mei 2023

Joviale,

Leo asubuhi, kabla sijaanza kuandika.

Uje hata hivyo.

Papa yako